Kabla ya Kufyeka

Shemeji yangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, Februari 2024, kwa sauti ya mtu anayesubiri kupongezwa.

"Shemeji, kiwanja kimeanza kupendeza. Nimekodi mtambo wa kijiko, karibu nusu ya yale mapori imeondoka. Jumatatu njoo upime bila kuchomwa na miiba."

Sikumjibu mara moja. Kichwani zilikuwa zinagongana tarehe mbili za sheria mpya ya kulinda mimea na wanyama kwenye viwanja vya ujenzi, 2 Aprili 2024 na 30 Januari 2020, na zote mbili yeye alikuwa hazijui. Mimi nilikuwa nazijua kwa sababu kazi yangu hapa England ni kuwachorea ramani wajenzi wadogo, wale wa nyumba moja, mbili, tatu. Kosa ni langu pia. Nilikuwa nimewaonya wateja wangu wote, nikamsahau mtu wa nyumbani.

Kiwanja chenyewe tulikinunua pamoja mwishoni mwa 2023. Ni kipande cha hekta 0.18 nyuma ya safu ya nyumba za zamani: nusu yake nyasi za kawaida zilizokuwa zikikatwa na jirani kwa hiari yake, na karibu nusu nyingine kichaka cha miiba, ile inayozaa matunda meusi mwishoni mwa kiangazi. Pembeni kulikuwa na kibanda kilichoegemea na sakafu ya zege iliyopasuka. Mbele, kando ya barabara, ua wa miti mirefu iliyoshikana. Tulipanga kujenga nyumba mbili za kuuza.

Kiswahili chetu kina tabia moja ambayo sikuwahi kuitilia maanani mpaka mradi huu. Mahali palipoota vichaka tunapaita pachafu. Kukata vichaka hivyo ni kusafisha. Mtu akiacha uwanja wake uote, majirani humsema kwamba amelegea, au anafuga nyoka. Shemeji alikuwa amesafisha kiwanja kwa nia njema kabisa, kwa gharama yake, siku yake ya mapumziko. Na kwa kufanya hivyo alikuwa amegusa ile sehemu ya kiwanja ambayo sheria iliihesabu kuwa ya thamani kuliko zote.

Sheria yenyewe inahusu England peke yake. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao. Ilipitishwa ndani ya Sheria ya Mazingira ya 2021, ikapachikwa kwenye ile Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1990. Inadai kwamba ukipewa kibali cha ujenzi, bayoanuwai ya eneo lako, yaani utajiri wake wa mimea na wanyama, iishie kuwa juu zaidi ya ilivyokuwa kabla hujaanza, kwa angalau asilimia 10, na kwamba nyongeza yoyote kubwa itunzwe kwa miaka 30. Miradi mikubwa ilianza kubanwa 12 Februari 2024. Midogo ikapewa mpaka 2 Aprili mwaka huo huo. Midogo maana yake nyumba moja hadi tisa kwenye eneo lisilofika hekta moja, au jengo lisilo la makazi lenye sakafu chini ya mita za mraba 1,000.

Wengi wetu tumekua tukisikia "kata mti, panda mti". Hii ni kauli ileile iliyokabidhiwa mhasibu. Mhasibu hakubali kwamba mti uliopandwa jana ni sawa na uliokatwa jana. Anauliza ulikuwa mti gani, wa ukubwa gani, mpya utachukua miaka mingapi kufikia ule wa zamani, na kuna uwezekano gani ukafa njiani. Kila jibu linapunguza alama za kile unachoahidi kupanda.

Alama hizo huitwa yuniti, na hupatikana kwa kikokotoo cha serikali, faili la Excel. (Najua neno "kikokotoo" linawapandisha presha wastaafu wa Tanzania, kwa kuwa ndicho kinachopanga mafao yao. Hiki ni kingine, ingawa maumivu yanafanana.) Unachukua ukubwa wa eneo kwa hekta, unazidisha kwa daraja la upekee wa makazi ya viumbe yaliyopo, unazidisha kwa hali yake, kisha unaangalia kama eneo liko kwenye mkakati wa uhifadhi wa mahali hapo. Nyasi za kawaida za kukatwa zina upekee wa 2. Bustani ya nyumba yenye mimea, 2. Zege, lami na paa, sifuri. Kichaka cha miiba? 4.

Nilipomwambia shemeji jambo hilo alicheka, kisha akauliza kama nimesoma vizuri.

Nilikuwa nimesoma vizuri. Ukitafakari, ina mantiki. Kichaka cha miiba ni ngome. Ndege wadogo hutaga humo kwa sababu paka hawawezi kuingia. Maua yake huchelewa kuisha, nyuki wanayatembelea wakati bustani nyingi zimekwisha kukauka. Matunda yanaliwa na ndege, na chini, kwenye majani yaliyooza, kuna dundu na konokono wanaomfaa kalunguyeye. Nyasi zilizokatwa fupi, zinazotupendeza macho, hazina mengi ya kumpa mnyama yeyote.

Sasa hizo tarehe. Ya kwanza iko wazi: ombi linalopelekwa kuanzia 2 Aprili 2024 linaingia kwenye sheria. Shemeji alishauri tukimbize ombi kabla ya siku hiyo, na kusema kweli nilijaribu. Wajenzi wengi walijaribu. Ila ramani ya mifereji ya maji ya mvua haikuwa tayari, na ya njia ya magari ilikuwa inabishaniwa, na ombi lisilokamilika halihesabiwi kuwa limepokelewa. Aprili ikatukuta mezani.

Ya pili ndiyo inayonasa watu. Ukifanya jambo kwenye ardhi yako, baada ya 30 Januari 2020, bila kibali, likapunguza thamani ya bayoanuwai yake, hesabu haianzi na ardhi ilivyo leo. Inaanza na ilivyokuwa kabla ya jambo hilo. Waliotunga sheria walijua fika kwamba mtu akisikia vichaka vina alama, kijiko kitaingia usiku. Kwa hiyo Jumamosi ya shemeji haikutuokolea hata nukta moja. Ilitutia hasara mara mbili: kijiko kilikuwa kimeshalipwa, na tukabaki tunadaiwa kichaka ambacho hakipo tena.

"Watajuaje?" aliniuliza. Swali la haki. Picha za kutoka angani zipo, za miaka na miaka, na mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuzifungua. Zaidi ya hapo, fomu ya ombi inakutaka useme mwenyewe kama kuna kilichoharibiwa tangu tarehe hiyo, na useme kwa ushahidi. Nilijaza ukweli. Sikuona raha.

Alikuja na wazo jingine jioni ileile: tuandike kwamba tunajijengea wenyewe. Kweli ulikuwepo msamaha wa wanaojijengea, kwa nyumba zisizozidi tisa kwenye eneo lisilozidi hekta 0.5. Misamaha ipo kadhaa. Anayeongeza chumba kwenye nyumba yake, au kugeuza dari kuwa chumba, hahusiki. Mradi unaogusa chini ya mita za mraba 25 za makazi ya viumbe, sawa na tano kwa tano, na chini ya mita tano za ua, nao hauhusiki, mradi makazi yenyewe yasiwe kwenye orodha ya yale yaliyopewa kipaumbele. Lakini sisi tulikuwa tunajenga ili tuuze, na tangazo la dalali lilikuwa limeshaandikwa. Nilimwambia, shemeji, uongo kwenye fomu ya serikali unaishi muda mrefu kuliko nyumba. Hakubishana, ila alinyamaza njia nzima ya kurudi.

Tuliita mtaalamu wa ekolojia. Kwa miradi midogo kuna kikokotoo chepesi ambacho hakimlazimishi mtu kuwa mtaalamu. Inatosha awe na ujuzi wa kutambua makazi yaliyopo. Nilikuwa nimepanga kukijaza mwenyewe. Kina masharti, hata hivyo. Hakitumiki penye makazi ya kipaumbele, ukiondoa nyua na kingo za mashamba, wala palipo na wanyama wanaolindwa kwa sheria za asili ya Ulaya, kama popo na yule salamanda mkubwa mwenye kishungi. Na kile kibanda kilichoegemea kilinitia wasiwasi wa popo.

Mama yule alifika na buti za mpira, akaingia kwenye masalia ya miiba kama anayeingia sebuleni kwake. Alikuwa na umri wa mama zangu wadogo, na nilijikuta namshikia begi. Aliangalia kibanda kwanza: kila ufa, kila boriti, kwa tochi. Hakukuta kinyesi wala dalili ya popo, na kibanda kilikuwa kinapitisha upepo kiasi kwamba alikiweka kwenye kundi la vile visivyowafaa. Nilishusha pumzi. Uchunguzi wa popo wanaotoka jioni hufanywa kati ya Mei na Septemba. Ukiambiwa unauhitaji mwezi wa Oktoba, unasubiri mpaka Mei ukilipa riba. Na hilo halihusiani kabisa na yuniti: ulinzi wa wanyama ni sheria nyingine, ya zamani zaidi, na una adhabu za jinai. Watu huchanganya mambo haya mawili, wakadhani wakinunua yuniti wameruhusiwa kubomoa kiota.

Alipomaliza alikaa juu ya ile zege iliyopasuka akaniambia jambo ambalo nimelirudia kwa kila mteja tangu siku hiyo. Alisema watu humwita wakiwa na ramani mkononi, wakimuomba awatafutie mahali pa kubana maumbile kwenye nafasi iliyobaki. Angependa wamwite wakiwa na karatasi tupu.

Mimi nilikuwa na ramani mkononi.

Hesabu ikatoka hivi. Kichaka, pamoja na kile kilichofyekwa, hekta 0.08, kwa upekee wa 4: yuniti 0.32. Nyasi, hekta 0.09 katika hali duni: 0.18. Zege: sifuri. Jumla nusu yuniti, kwa hiyo tulitakiwa kuishia na angalau 0.55. Ramani yangu ilikuwa na nyumba, maegesho na njia ya magari kwenye hekta 0.08, na bustani kubwa mbili kwenye hekta 0.10 zilizobaki. Nilijivunia bustani zile. Kwenye kikokotoo zilileta yuniti 0.2 kasoro kidogo. Tulikuwa tumepungukiwa na 0.35 na ushei.

Hapa ndipo nilipojifunza kwamba bustani ya mtu binafsi, hata uichore kwa kijani cha namna gani, haina uzito. Miti unayoahidi kupanda humo haihesabiwi mmoja mmoja. Sababu inaeleweka: mnunuzi akihamia anaweza kung'oa kila kitu akamwaga kokoto, na hakuna wa kumzuia kwa miaka 30. Basi kinachohesabiwa ni kile kilicho nje ya uzio wa mtu, chenye anayewajibika nacho.

Tena kichaka hakilipwi kwa nyasi. Makazi ya daraja la kati, kama kichaka chetu chenye 4, lazima yafidiwe kwa makazi ya jamii ileile au ya daraja la juu zaidi. Na nyua zina daftari lake, tofauti na la maeneo, kama ilivyo kwa mito. Huwezi kujazia pengo la ua kwa alama za kichaka. Njia ya magari ilitaka tukate mita sita za ule ua wa mbele. Ua mpya ukipandwa leo huhesabiwa kwa upungufu, kwa kuwa utachukua miaka kukomaa, hivyo mita sita za zamani hazilipwi kwa mita sita mpya.

Njia za kuziba pengo zina mpangilio wake. Kwanza epuka kuharibu, hasa makazi yenye upekee wa kati kwenda juu. Kisha boresha au tengeneza ndani ya kiwanja. Ikishindikana, nunua yuniti kwa mwenye ardhi aliyeandikisha eneo lake kwenye rejista inayosimamiwa na Natural England, wakala wa serikali wa mazingira asilia. Mwisho kabisa, nunua krediti za serikali, ambazo zimepangiwa bei ya kukutisha makusudi ili usizikimbilie: wakati ule daraja la chini kabisa lilikuwa pauni 42,000 kwa krediti moja, na kwa kila yuniti unayopungukiwa ulitakiwa ununue krediti mbili. Kwa upungufu wetu wa 0.35, hata kwa bei hiyo ya chini, ilikuwa pauni 29,400. Kwa nyumba mbili ndogo, hiyo ndiyo faida yenyewe.

Nikageukia soko la wenye ardhi. Wa kwanza aliniambia hauzi chini ya nusu yuniti. Makaratasi ya kuuza kidogo na ya kuuza kingi ni yaleyale, kwa nini ajisumbue. Wa pili alikuwa mbali, na umbali unakatwa alama: nje ya eneo la halmashauri yako au ukanda wenu wa kimaumbile, yuniti hupungua nguvu. Halafu nikagundua kwamba kile kikokotoo chepesi cha miradi midogo hakihesabu chochote kilicho nje ya kiwanja. Ukinunua nje, lazima uhamie kikokotoo kikubwa, na hicho ni cha mtaalamu. Kwa lugha nyingine, chombo walichotupa wadogo kinatufaa mpaka pale tunapokuwa na shida.

Hili ndilo lalamiko langu, na ninalitoa nikiwa naunga mkono sheria. Mjenzi wa nyumba 300 ana ekari za pembeni ambazo hata hivyo angeziacha kwa mafuriko. Anapanda vichaka, anatia sahihi, mambo yanaisha. Mjenzi wa nyumba mbili hana pembeni. Gharama ya mtaalamu haipungui kwa kuwa kiwanja ni kidogo.

Kuna jingine linaloniudhi. Kikokotoo kinahesabu makazi, hakihesabu wanyama. Tundu la sentimita 13 kwa 13 chini ya uzio, linalomwezesha kalunguyeye kupita toka bustani hadi bustani, ni kazi ya dakika kumi kwa msumeno. Tofali lenye shimo la teleka, ndege anayefanana na mbayuwayu, kujenga kiota ni bei ya chakula cha mchana. Vyote viwili ni yuniti sifuri. Tuliviweka, na yule mama alifurahi, lakini faili la Excel halikutikisika.

Nilirudi kwenye karatasi tupu. Nikasogeza nyumba zote mbili karibu na barabara, nikaunganisha njia mbili za magari zikawa moja, nikapunguza bustani kwa nusu. Ukanda wa nyuma, uliokuwa na kichaka ambacho kijiko hakikukifikia, hekta 0.05, nikauacha mzima nje ya uzio wa nyumba. Tukaongeza hekta 0.02 za vichaka vya asili vilivyochanganyika pale shemeji alipofyeka. Ua mpya tukaupanga kando ya njia ya pamoja. Pengo likashuka mpaka karibu sehemu moja ya kumi ya yuniti, tukalinunua kwa mkulima wa halmashauri ileile ambaye, kwa bahati, alikuwa na baki ndogo isiyo na mnunuzi.

Ombi lenyewe lilirudishwa mara moja kwa kutokamilika: nilisahau alama ya kaskazini kwenye ramani ya makazi ya viumbe. Miaka yote ya kuchora, alama ya kaskazini. Tulipopata kibali, shemeji alitaka kijiko kiingie kesho yake, nikamzuia tena. Kibali huja na sharti linalojiandika lenyewe: hakuna kuanza mpaka mpango wa ongezeko la bayoanuwai uidhinishwe, na halmashauri ina wiki nane za kuuamua. Huo ni muda ambao watu hawauweki kwenye ratiba ya benki.

Desemba 2025 serikali ilitangaza kwamba inakusudia kusamehe viwanja vya chini ya hekta 0.2. Chetu kina 0.18. Shemeji alinitumia habari hiyo bila neno lolote, na alama za kucheka kama kumi na tano. (Wewe unayesoma ukiwa na kiwanja mkononi, angalia sheria ilivyo siku unayopeleka ombi lako, usitegemee habari za shemeji wa mtu.) Nilikaa na ujumbe ule muda mrefu. Ungetuokolea miezi na pesa. Na ninajua hakika kwamba, bila kubanwa, ningechora zile bustani kubwa mbili, na ule ukanda wa nyuma ungekuwa nyasi fupi na kokoto. Sijapata namna ya kuyaweka mambo haya mawili yakakaa pamoja. Nadhani ningependa viwanja vidogo vidaiwe vitu vichache vya wazi, tundu la uzio, tofali la ndege, ukanda usioguswa, bila kikokotoo. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Nyumba ya kwanza ilipata mnunuzi, mama na bintiye. Siku ya kuja kuiangalia walizunguka vyumba vyote, wakatoka nyuma, wakafika kwenye uzio. Miiba ilikuwa imeanza kuzaa. Mama akaonyesha kwa kidole, akauliza kwa upole lini tungemalizia kusafisha pale.

Nilikuwa nafungua mdomo. Shemeji akaniwahi.

"Hapo pamekwisha," akasema.